Kabla hujauliza ni mninga au mkongo: kuielewa vinia kabla ya kulipa

Ingia duka lolote la samani katikati ya Mwanza, uliza kabati limetengenezwa kwa nini, na jibu litakuja kwa jina la mti. "Mama, huu ni mninga." Au mkongo, au mtiki. Mara nyingi muuzaji hadanganyi. Unachokiona kinaweza kweli kuwa mninga, ila ni mninga wenye unene wa nusu milimita, uliobandikwa juu ya ubao wa aina nyingine kabisa. Hiyo ndiyo vinia. Na kwenye vinia, jina la mti linakueleza rangi na sura, basi. Halikuelezi kwa nini mlango umepinda baada ya masika, wala kwa nini kabati la jirani, la bei ileile, bado limenyooka.

Kuna dhana mbili zinazowagharimu watu fedha. Ya kwanza ni kuiita vinia mbao feki. Ya pili ni kuamini kwamba kila chenye sura ya mbao na kinachong'aa ni vinia.

Vinia ni mbao halisi iliyokatwa nyembamba. Inayotumika kwenye samani huwa na unene wa kati ya milimita 0.5 na 0.6 hivi. Zipo nene zaidi, za milimita 2 au 3, zinazopasuliwa kwa msumeno. Hizo ni ghali kwa sababu msumeno hugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa unga. Kisu hakitoi unga. Mbao ya unene wa milimita 25, ikikatwa kwa kisu, inaweza kutoa vipande karibu 50 vya nusu milimita. Mninga na mkongo tunavivuna kwenye misitu ya asili na huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa, kwa hiyo mimi naona kabati lililofunikwa vinia nzuri ni matumizi ya heshima ya mti kuliko kuusaga mti uleule kwa msumeno. Ufundi wenyewe ni wa kale mno. Kaburi la Tutankhamun huko Misri, lililogunduliwa mwaka 1922, lilikuwa na samani zilizopambwa kwa vipande vyembamba vya mbao nyeusi na pembe za ndovu.

Sasa hiyo dhana ya pili. Samani nyingi zinazokuja ndani ya maboksi, zile unazoziunga mwenyewe kwa skrubu, zimevishwa karatasi iliyochapishwa picha ya mbao na kutiwa melamini, au plastiki laini yenye picha hiyohiyo. Fomeka nayo ni karatasi: tabaka kadhaa za kaki zilizoloweshwa resini ya fenoli, juu yake karatasi ya picha yenye melamini, zikabanwa pamoja kwa joto kali. Fomeka ni kitu imara. Kwenye meza ya jikoni inayopitisha sufuria za moto na maji ya samaki kila siku, ningeichagua mbele ya vinia bila kusita. Lakini si mbao, na isiuzwe kwa bei ya mbao.

Kuzitofautisha hakuhitaji mtaalamu. Washa tochi ya simu, ilaze karibu kabisa na uso wa mlango ili mwanga upite ubavuni, kisha sogeza jicho. Kwenye mbao halisi utaona vinyweleo: vijishimo virefu, vyembamba, vinavyofuata njia ya nyuzi, na ukizungusha tochi mng'ao unahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kwenye picha, vinyweleo vimechorwa. Mwanga unapita juu yake na hakuna kinachobadilika. Halafu tafuta alama moja isiyo ya kawaida, fundo dogo au mstari uliopinda, na uitafute tena kwenye mlango wa pili na wa tatu. Ikijirudia ileile, mahali palepale, hiyo imechapishwa. Mwisho angalia ukingo. Mbao nzima huonyesha kichwa cha mbao mahali ilipokatwa, na mistari ya juu huendelea kuteremka ubavuni. Vinia haifanyi hivyo. Ukingoni utakuta utepe uliobandikwa, au tabaka za plaiwudi, au MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi.

Ukishathibitisha kwamba ni vinia kweli, sasa ndipo maswali yenyewe yanaanza.

Kisu kilipita wapi

Gogo la kutoa vinia hulowekwa kwanza kwenye maji ya moto au hupigwa mvuke ili nyuzi zilainike. Baada ya hapo, sura yote ya mbao hutegemea kisu kilikutana na mti kwa upande gani. Mninga mmoja unaweza kutoa sura nne ambazo mtu asiyejua ataapa ni miti minne.

Njia inayotumika sana ni kumenya. Gogo zima huzungushwa dhidi ya kisu kirefu, na mbao hutoka mfululizo kama mkeka unaokunjuliwa. Shiti hutoka pana kadiri unavyotaka, upotevu ni mdogo, na ndiyo maana karibu plaiwudi yote duniani hutengenezwa hivi. Viwanda vya Mafinga, jirani na shamba la miti la Sao Hill, humenya mkaratusi na msonobari kwa njia hii. Zipo mashine ambazo hazilishiki gogo kwa katikati. Hulibana kwa roli za pembeni, kwa hiyo hata gogo jembamba humenywa mpaka kikabaki kijiti. Kasoro yake ni sura. Kisu hufuata pete za ukuaji, ile miduara inayoonekana kwenye kichwa cha gogo, badala ya kuzikata, hivyo maua hutoka mapana, yasiyo na mwelekeo, na hujirudia kila gogo linapomaliza mzunguko. Kwa mgongo wa kabati au chini ya kitanda haina shida. Kwa mlango wa sebuleni, mimi naona haitulii machoni.

Kukata bapa ni njia tofauti. Gogo hupasuliwa katikati, nusu moja hufungwa kwenye mashine, na kisu hutoa kipande baada ya kipande kwa mstari ulionyooka. Katikati ya kila kipande hupatikana vilele, upinde juu ya upinde, na pembeni mistari inayokwenda sawa. Hii ndiyo sura ambayo wengi wetu tunaiwaza tunaposema mbao ina maua.

Ukilipasua gogo robo nne na kukata kila robo ili kisu kizipige pete za ukuaji karibu kwa pembe mraba, maua yanatoweka na kubaki mistari iliyonyooka. Hapa kila mti hutoa siri yake. Mkangazi na mvule zina nyuzi zinazopinda kulia, kisha kushoto, kadiri mti unavyoongezeka unene. Zikikatwa kwa robo hutoa mistari mipana inayopokezana mwanga na kivuli, na ukipita mbele ya mlango huo mistari hubadilishana rangi. Mti wa mwaloni wa Ulaya na Marekani una miale, yaani chembe zinazotoka moyoni mwa gogo kwenda kwenye gome. Kisu cha robo huilaza miale hiyo wazi, ikawa mabaka yanayong'aa. Wako wanaoyapenda na wako wasiotaka kuyaona. Kwa hao wa pili kisu huinamishwa kama digrii 15 kutoka mwelekeo wa robo, mabaka yakapotea na mistari ikabaki. Upotevu huwa mkubwa na bei hupanda.

Kuna faida nyingine ya robo inayotuhusu sisi wa kando ya ziwa. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, si kwa urefu, na kwa mwelekeo wa robo mchezo huo ni karibu nusu ya ule wa mwelekeo wa bapa. Kipande cha robo hakivutani sana na ubao kilichobandikwa juu yake. Kama unaishi Igogo, Kirumba au Capri Point, ambako unyevu wa ziwa uko dirishani, na bei ya robo unaimudu, ichague.

Vifundo vikubwa vinavyoota kwenye mashina ya baadhi ya miti ni jambo la pekee. Nyuzi zake zimesokotana hivi kwamba ukitoa mbao nene hupasuka na kujipinda. Kwa vinia ndipo uzuri wake unapopata pa kukaa.

Upande uliobana na upande uliolegea

Hili wauzaji wengi hawalisemi, na hata mafundi wazuri hulijua kwa mkono kuliko kwa maneno. Kisu kinapoinua kipande kutoka kwenye gogo, upande uliogusana na kisu huvutwa na kupata nyufa ndogo sana, ambazo huwezi kuziona. Upande wa pili hubaki umebana. Chukua kipande kibichi cha vinia, yaani ambacho hakijabandikwa popote, ukikunje taratibu kwa kufuata nyuzi, kwanza huku kisha kule. Kuna upande kitakubali kwa urahisi na upande kitakaza. Kinapokubali, upande uliolegea ndio uko nje ya mkunjo. Zile nyufa zimepata nafasi ya kufunguka.

Sababu ya kulijali hili ni mpangilio. Vipande hutoka kwenye gogo kwa zamu, na muuzaji makini huvifunga kwa zamu hiyohiyo. Mpangilio unaopendwa zaidi ni ule wa kitabu: kila kipande cha pili hugeuzwa, ili mistari ya kimoja ikutane na ya mwenzake, na vilele vikakaa pande mbili kwa ulinganifu. Ni mzuri sana kwa milango miwili ya kabati. Lakini kugeuza kipande maana yake ni kwamba kimoja kinaonyesha upande uliobana na kinachofuata upande uliolegea. Upande uliolegea hunywa rangi zaidi. Fundi akipaka rangi ya mbao bila kuandaa, kabati hutoka na mistari mipana, mmoja mweusi mmoja mweupe, na mteja hudhani ameuziwa miti miwili tofauti.

Dawa ni kupiga msasa laini kwa uangalifu, kisha kupaka sila nyepesi, ile ya kuziba vinyweleo, kabla ya rangi ili pande zote zinywe sawa. Au, kama vinia ni ya mistari iliyonyooka, acha kugeuza kabisa; panga vipande kimoja baada ya kingine, vyote vikionyesha upande mmoja. Kwenye mistari ya robo hakuna atakayegundua. Kwenye vilele utagundua, kwa sababu vilele vyote vitaegemea upande mmoja na jicho litaona mlango umelala.

Na msasa wenyewe ni hatari. Mashine ya msasa ikikaa mahali pamoja sekunde chache zaidi, nusu milimita imekwisha na gundi inaonekana. Hapo hakuna kurudi nyuma.

Kinachobeba vinia

Kwa maoni yangu hapa ndipo pesa ya mteja inapopona au kupotea, na ndipo maswali machache zaidi huulizwa.

MDF ni bapa, laini, haina mafundo, kwa hiyo vinia hukaa juu yake vizuri kuliko juu ya kitu kingine chochote. Adui yake ni maji. Maji yakiingia ukingoni huvimba, na yakikauka hairudi. Chipubodi ni hivyohivyo, na skrubu za bawaba hulegea mapema. Plaiwudi hushika skrubu na huvumilia unyevu zaidi, ingawa uso wake ukiwa na mabonde, vinia nyembamba itayaonyesha yote mara vanishi itakapokauka. Blokibodi, yenye vipande vya mbao laini katikati, ni nyepesi na nzuri kwa milango mirefu ya kabati. Mbao nzima chini ya vinia siipendekezi. Itatanuka na kusinyaa na kuichana vinia iliyo juu yake.

Lakini kosa ninaloliona limeenea zaidi halihusu aina ya ubao. Ni kubandika vinia upande mmoja tu. Hoja huwa kwamba mgongo unatazama ukuta na hakuna atakayeuona. Fikiria kinachotokea. Gundi nyeupe ina maji. Vinia inayanywa, inatanuka, inabandikwa ikiwa imetanuka, halafu inakauka na kutaka kusinyaa. Kwa kuwa imeshikwa, inauvuta ubao. Nyuma hakuna kinachovuta kurudi. Mlango unajikunja kuelekea upande wenye vinia, kidogo kidogo. Kisha mwaka unaanza kufanya kazi yake: masika ya Machi hadi Mei, kiangazi cha Juni hadi Agosti, vuli kuanzia Oktoba. Uso wenye vinia na vanishi hupokea na kutoa unyevu kwa mwendo mmoja, mgongo mtupu kwa mwendo mwingine. Mlango uliokuwa umenyooka karakana ya Nyakato mwezi wa Julai, mwezi wa Aprili haufungi.

Mgongo lazima upate vinia yake. Si lazima iwe mninga. Mti wowote wa bei nafuu unatosha, ilimradi unene uwe uleule, nyuzi ziende upande uleule, gundi iwe ileile na ibandikwe wakati uleule. Na vanishi ipakwe pande zote mbili. Ukiagiza kabati kwa fundi, hili liandikeni kwenye makubaliano, na ulipie hiyo vinia ya nyuma bila kunung'unika. Vilevile vinia na ubao vikae ndani ya karakana siku chache kabla ya kubandikwa, vizoee hewa ya hapo. Vinia iliyotoka stoo kavu na kubandikwa siku hiyohiyo ya mvua inabandikwa ikiwa haijatulia.

Gundi, na jambo la marini bodi

Gundi ya kopo, ile ya njano inayopakwa pande mbili na kuachwa ikauke kabla ya kugandisha, ni rafiki wa fomeka na viatu. Kwa vinia mbichi ya nusu milimita siishauri. Hubaki na ulaini wa mpira miaka yote, vinia ikapata nafasi ya kuteleza na kuvimba mabaka, na tina ya vanishi ikipenya kwenye vinyweleo huilegeza. Kuna vinia inayouzwa ikiwa imebandikwa tayari karatasi au kitambaa nyuma. Hiyo huvumilia gundi ya kopo kidogo na hukubali kukunjwa kwenye kona za mviringo. Vinia mbichi inataka gundi nyeupe au gundi ya unga ya yurea, na inataka kubanwa sawasawa eneo zima, kati ya mbao mbili nene, mpaka gundi ishike.

Gundi ya yurea hustahimili unyevu wa hewa lakini si maji. Inayostahimili maji ni ya fenoli. Kwenye ukingo wa plaiwudi mara nyingi unaweza kuzitambua: mistari ya kahawia iliyokoza kati ya tabaka huashiria fenoli, mistari isiyo na rangi huashiria yurea. Ukitaka kuhakikisha, omba kipande kilichobaki, kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa. Ya yurea itaachana. Ya fenoli itabaki.

Ninalisema hili kwa ajili ya watu wa ziwani hasa. Ule ubao wa kahawia unaong'aa, unaouzwa madukani kama marini bodi, umetengenezwa kwa ajili ya kumwagia zege. Mng'ao wake ni karatasi yenye fenoli, inayozuia saruji isigande juu yake. Ndani unaweza kuwa na mapengo kati ya tabaka, na gundi ya ndani inaweza isiwe ya kuvumilia maji mfululizo. Plaiwudi halisi ya vyombo vya majini, kwa kiwango cha Uingereza cha BS 1088, hutakiwa iwe na gundi inayohimili kuchemshwa na tabaka za ndani zisizo na mapengo, kwa sababu pengo likijaa maji mbao huoza kutoka ndani huku uso ukiwa mzima. Anayetaka kuziba ubavu wa mtumbwi au kutandika sakafu ya boti pale Kirumba asiridhike na jina. Akate kipande, aangalie ukingo, akichemshe.

Ile iliyonyooka kupita kiasi

Imebaki aina moja inayoleta ugomvi kati ya wateja na wauzaji. Unaona "mtiki" wenye mistari kama imepigwa rula, shiti ya kwanza na ya ishirini hazina tofauti. Hiyo kwa kawaida ni vinia iliyoundwa upya. Huchukuliwa mti laini unaokua haraka, mathalani mpopla, au ayous wa Afrika Magharibi; humenywa, shiti hutiwa rangi, hugandishwa kuwa bonge moja, na bonge hilo hukatwa upya kwa pembe itakayotoa mistari inayotakiwa. Ni mbao, haina mafundo, na kwa hoteli yenye milango mingi inayotakiwa kufanana ndiyo inayofaa zaidi. Rangi yake ni ya kiwandani, hivyo usiiweke mahali jua la mchana linapoipiga moja kwa moja. Na mtiki, ule unaopandwa kwenye mashamba ya miti ya Longuza na Mtibwa, haumo humo hata kidogo. Bei yake ifuate ukweli huo.

Kama tayari unalo kabati na vinia imeanza kuvimba, usikimbilie kuing'oa. Gonga kwa ukucha usikie mahali palipo wazi. Chana kwa wembe kwa kufuata nyuzi, ingiza gundi nyeupe kwa bomba la sindano, futa inayotoka, weka karatasi ya nailoni juu na ubao wenye uzito, uache mpaka kesho yake. Kama awali ilibandikwa kwa gundi nyeupe, wakati mwingine hata kuchana hakuhitajiki: pasi ya moto wa wastani juu ya kitambaa kikavu huilainisha gundi ya zamani, kisha unakandamiza mpaka ipoe. Hii haitafanya kazi kwenye gundi ya yurea, ambayo ikishakauka hailainiki kwa pasi. Na ubao wa ndani ukiwa MDF iliyokwisha kuvimba, iache vinia ilivyo na uanze kutafuta ubao mwingine.